Umenikatia Futi

…na nusu, kasema na nusu, hakumpunguzia hata hiyo nusu, arobaini na mbili na nusu, hiyo ni namba ya pipa si ya kiuno, aliwaza Fundi, amesimama kando ya kitanda namba sita mikono juu kama mtu anayekaguliwa mlangoni, na wifi yake, dada wa mumewe, amepiga magoti mbele yake, futi ya kupimia imemzunguka Fundi tumboni, pini nne mdomoni, daftari sakafuni, penseli sikioni, vilevile alivyokuwa akipiga magoti miaka ile yote walipokuwa wakishona pamoja chumba kimoja, kana kwamba hii miezi saba haikuwapo, kana kwamba hakuna aliyemtoa mwenzake mchana kweupe mbele za wateja… "Vuta pumzi, halafu achia," wifi alisema kwa upande wa mdomo usio na pini, "na usijikaze, sikupimii gauni la harusi," na Fundi akavuta, akaachia, tumbo likabaki pale pale halina habari, tumbo la mtu mwingine alilobebeshwa, juu yake mikono miembamba, chini yake miguu miembamba, mwanamke aliyeungwa kwa vipande vya watu watatu, angekuwa mteja wa mtu mwingine angemwonea huruma fundi wake… kesho asubuhi wanaingia ubavuni, upande wa kushoto, kukitoa hicho kiuvimbe, na muuguzi alipita saa nne akasema mgonjwa akitoka asivae chenye mpira kiunoni, nguo ifungukie ubavu wa pili, kidonda kisiguswe, na wifi hakungoja kuambiwa mara mbili, alitumbukiza mkono mkobani akatoa futi, "simama nikupime," kasema, kama vile kupimana ni jambo dogo, kama vile kati yao wawili futi ni utepe tu wenye namba.

Kiuvimbe, sentimita tatu, daktari alisema, na Fundi kwa mazoea akaigeuza kichwani kuwa inchi, inchi moja na kidogo, kifungo cha koti, basi, yaani miaka yote hii anazunguka na kifungo kimoja ndani na kifungo hicho kimemvurugia nyumba, duka na mtaa… daktari mwenyewe binti mdogo, umri wa kumzaa, sauti ya chini, viatu vya raba, alimwambia achuchumae halafu asimame bila kushika kitu, jambo la kitoto, na Fundi akachuchumaa vizuri sana, kusimama ndiko kulikomshinda, akabaki chini kama kuku anayeatamia mpaka daktari akampa mkono. Akamwambia alete picha yake ya zamani, akaleta kitambulisho, daktari akakiweka kando ya shavu lake akatazama huku, akatazama kule, hakusema kitu, na kule kutosema ndiko kulikomtisha. Akampa galoni akusanye mkojo wa siku nzima, kila tone, mama, usimwage hata kidogo, na Fundi akashinda nayo nyuma ya pazia la kujaribia nguo, mteja mmoja akauliza kama ile ni juisi, nusura amkaribishe… kisha vidonge, kisha damu, kisha ile mashine ya kulazwa ndani yake kama mkate, na mwisho wa yote daktari akavuta kiti akakaa karibu. "Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia," alimwambia, "yako ya kushoto imeota uvimbe, kwa tunavyoona si saratani, lakini unatengeneza homoni bila kuagizwa, inaitwa kortisoli, ile ambayo mwili huimwaga mtu akikimbizwa na mbwa, sasa wewe, mama, unakimbizwa na mbwa asubuhi mpaka jioni, na mbwa mwenyewe hayupo." Fundi alicheka pale, akacheka kweli, kisha kicheko kikamgeukia kikawa kilio, na daktari akamsukumia boksi la karatasi laini bila kushangaa, na alipopata sauti aliuliza moja tu, "Na hasira?" na daktari akamtazama usoni. "Inachangia," alisema. "Usingizi, kilio, hasira, kusahau, kwa watu wengi vyote hivyo huguswa. Lakini siwezi kukaa hapa nikakwambia hasira hii ni yake na hii ni yako. Hilo mashine haioni."

Mgonjwa husikia anachotaka kusikia, na Fundi alisikia inachangia, akafunga masikio hapo, akarudi nyumbani mwepesi na tumbo lake lote lile, alitembea kama mtu aliyeshinda kesi ambayo hakujua imefunguliwa, kwa sababu alikuwa na mashtaka yake moyoni, alikuwa nayo mengi, usiku na mchana akiyahesabu… mwalimu mkuu wa ile shule ya sare za kijani aliyerudisha kola mara tatu, mara kubwa, mara ndogo, mara zimelala, siku ya tatu Fundi akampa vidonge vyake pale pale mlangoni, akamwambia kola haijawahi kumfundisha mtoto hesabu, nenda kahangaike na walimu wako… haya, hiyo ni kortisoli. Yule bwana wa suruali ya kupunguzwa, masikini, aliyesema tu "mama naona umenawiri," naye akarushiwa suruali yake mguu mmoja umeshonwa na mmoja bado, kortisoli. Redio ya mumewe aliyoizima kwa kuing'oa pamoja na soketi ukutani, na mumewe akabaki amekaa, hakufoka, alisema taratibu, "Ungeniambia nipunguze sauti," kortisoli, kortisoli. Na siku ile aliyolia tangu asubuhi mpaka wateja wakaanza kuaga mmoja mmoja kwa adabu, kisa kifungo cheupe kimebingirika chini ya cherehani naye hawezi kuinama kukichukua… mtaa ukampa jina, Pasi ya Mkaa, usimguse huyo ameshika moto, walidhani hasikii, alisikia sana, aliwashonea nguo watu wale wale huku anasikia… na hakuna aliyejua kwamba kila asubuhi alijiapia, leo nitakuwa mpole, akaoga, akanywa chai yake, akafungua duka na nia safi, na ikifika saa tatu moyo unaanza kwenda mbio peke yake, shingo inapata joto, meno yanabanana, hakuna aliyemkosea, na kwa kuwa hakuna aliyemkosea ilibidi atafutwe mmoja… hasira ilitangulia kufika, sababu ikaja nyuma inahema, na yeye katikati akiwatazama watu wakirudi nyuma hatua moja, mbili, akiwaza, huyu ni nani anayepiga kelele, mbona amevaa nguo zangu.

"Nyonga," wifi alisema, futi ikateleza chini, baridi, "arobaini na tatu, geuka kidogo, hapo, usiende mbali," na mama wa kitanda namba saba, mpiga chapa mstaafu aliyepasuliwa nyongo na sasa hana la kufanya ila kufuatilia ya wenzake, akasema kutoka kitandani kwake, "Mshonee pana, binti yangu, hewa ipite," na wifi akajibu, "Itapita, mama, nitaacha na dirisha," wakacheka wawili hao, na Fundi naye akacheka kidogo, chini kwa chini, akihofia kucheka kusije kukaharibu kipimo, au kukafungua kitu… mikono ya wifi bado myepesi, hata haigusi, inapita juu ya kitambaa tu, ilipokuwa inapita kwenye paja aliona wifi ameliona lile doa la zambarau, kubwa kama sahani ya kikombe, siku hizi akijigonga na meza tu ngozi inavilia damu, na wifi alisita, pini zake zote nne mdomoni, akaendelea… ni mtu wa namna gani huyu, aliwaza Fundi, ingekuwa mimi ningekuja na futi? Ningekuja na maua ya sumu.

Maana futi, kati ya vitu vyote, futi… alikuwa na desturi ya kujipima kila tarehe moja ya mwezi tangu alipokuwa mwanafunzi wa ushonaji, mwalimu wao aliwaambia fundi asiyeujua mwili wake hataujua wa mtu, na vipimo vyake vimo katika daftari jekundu, ukurasa wa mwisho, kiuno thelathini na moja, miaka nenda miaka rudi thelathini na moja, kisha thelathini na tatu, thelathini na sita, kisha namba zikapata miguu, thelathini na nane, arobaini, na huku mkono wa juu unapungua, kumi na mbili, kumi na moja, kumi… mwili haunenepi hivyo, hilo fundi anajua, mtu akinenepa ananenepa na mikono yake, kwa hiyo kama mwili haudanganyi hivyo basi anayedanganya ni futi, na alipoitazama futi akakuta ile bati ya ncha haipo, mwanzo wake umekatwa, umenyooka, mkato wa mkasi wa kitaalamu, na mle chumbani mafundi walikuwa wawili… "Umenikatia futi," alisema, alianza kwa kusema, kisha akapaza, umenikatia futi, umenikatia futi wewe, unataka watoto wa shule wavae magunia waseme mimi nimezeeka, unataka duka, sema unataka duka, na wifi amesimama na kipande cha kitambaa mkononi anamwambia, "Wifi, bati iling'oka, uzi ulikuwa unachanika, nimesawazisha tu, nilikwambia juzi tuanzie kwenye alama ya moja, ukasema sawa," na Fundi hakukumbuka juzi wala sawa, hata leo hakumbuki… na rula ya chuma ilikuwa pale, imepigiliwa misumari ukingoni mwa meza ya kukatia, ungeilaza futi kando yake ukatazama, kufumba na kufumbua, mwanafunzi wa wiki ya kwanza angefanya hivyo, tena futi kuukuu huvutika, ikivutika wote unaowapima wanapungua, haijatengenezwa futi ya kumwongezea mtu inchi tisa, yeye fundi wa miaka kumi na tisa alilijua hilo kama anavyolijua jina la mama yake, na hakuitazama rula, mkono wake ulikuwa umelala juu ya rula na hakuitazama, kwa sababu alijua itasema nini, itasema futi nzima, mbovu ni wewe… mtaa ukaokota yale maneno, mpaka leo mtu akifoka bila sababu wenzake humuuliza, vipi wewe, nani kakukatia futi, na watoto ambao hawajui lilikotoka wanalitumia, limekuwa neno la watu.

Kama angeishia hapo… kama angeishia kwenye futi ingekuwa kichekesho, wangekuja kukicheka wakiwa wazee, lakini hakuishia, alivuta pumzi, anakumbuka jinsi alivyovuta pumzi, kwa raha kabisa, na mbele ya mwenye suruali na mama wa blauzi na mwanafunzi aliyekuja kupimwa sketi akamwambia wifi yake, "Nyumba yako ilikushinda, ndiyo maana umekuja kupima yangu." Wifi alivua kastabini kidoleni, akaiweka mezani taratibu, akachukua mkoba wake, akawaaga wateja, akatoka, na jioni mumewe aliporudi akakuta chumba cha dada yake kitupu, kitanda kimetandikwa… miezi saba, amepanga chumba ng'ambo ya soko, anashona kibarazani, watu wanasema anashona vizuri, na Fundi akipita njia ile alikuwa akivuka barabara… "Mkono wa kulia, legeza," wifi alisema, futi sasa imemkaba Fundi mkono wa juu, "tisa na nusu," akatulia, "tisa na nusu, wifi, umekwisha wewe," na sauti yake ikapungua mwishoni, na hapo hapo akasema, upesi upesi, kama mtu anayeficha kitu chini ya mto, "Lakini kitatoka kesho. Kaka kanieleza yote. Si wewe, ni huo uvimbe. Mimi nilijua tangu zamani, nikasema huyu si wifi yangu ninayemjua. Hata lile la siku ile, nimeshaliweka kando. Lilikuwa la ugonjwa."

La ugonjwa… lipokee, ulimi wake ulijiambia, lipokee haraka kabla hajalirudisha mkobani, sema ndiyo wifi, sema ahsante, sema hata sijui lilitoka wapi… lakini anajua lilitoka wapi, ndiyo balaa lake, analijua tarehe na dirisha… ilikuwa miaka mitano iliyopita, wifi hajamaliza hata mwezi nyumbani mwao, ndoa ya miaka kumi na moja imemtoa na sanduku moja, na Fundi ndiye aliyemfungulia mlango, aliyempa chumba cha uani, aliyesema hapa kwenu, na alimaanisha, Mungu anajua alimaanisha… ila wiki ya pili mumewe akanywa chai akasema, "Leo chai imekaa," na chai aliipika dada yake, na wiki ya tatu vikombe vilihama rafu ya chini vikaenda ya juu, na hakuna aliyemuuliza, mambo madogo, aibu hata kuyataja, na asubuhi moja tulivu, hewa nzuri, amelala usingizi wake wote, amekaa anapinda pazia, kiuno thelathini na moja, sentensi ikaja yenyewe nusu, nyumba yako ilikushinda, akaisikiliza, akaona inakata, ila haina mkia, na kwa siku tatu alikuwa akiitafutia mkia huku anashona, anapika, anamwitikia wifi salamu, mpaka siku ya tatu akamwona wifi amesimama juu ya kiti sebuleni anapima dirisha, mikono juu na futi mabegani, na neno likaingia mahali pake kama kifungo kwenye tundu lake, kupima… alifurahi, asidanganye, alifurahi vile mtu anavyofurahia kazi safi, akaikunja sentensi ile akaiweka, hakukusudia kuivaa, watu wangapi wana kitu cha namna hiyo ndani wanazikwa nacho…

Lakini labda, labda uvimbe ulikuwapo hata siku hiyo, daktari alisema miaka mitatu huenda na zaidi, huenda na zaidi alisema, kwa nini isiwe mitano, huenda ulikuwa mdogo wakati huo, kichwa cha pini, unatengeneza tone moja tu la ubaya, tone moja linatosha sentensi moja, hivyo unaweza kumgeuza mtu kidogo kidogo asijue… alijaribu kuliamini, alilishika hivi akaligeuza na hivi, na daftari jekundu likamkatalia, thelathini na moja, kumi na mbili, usingizi mzuri, kucha nzima, hapana, siku ile alikuwa mzima kama mwalimu wa mazoezi… kile kifungo hakikutunga kitu, hakina hata mdomo, kilichofanya ni kumtia moto miaka mitatu mpaka kila alichokikunja kikakunjuka, na ya mwalimu mkuu ni yake, na ya bwana wa suruali ni yake, apewe zote, kelele zile na mkono ule uliong'oa redio apewe, Fundi anamwachia kwa moyo mweupe, ila hii moja… na kama ni hivyo basi kesho wakikitoa, hii haitatoka nacho, itabaki humu ndani imekunjwa vizuri, na huyu mwanamke atamshonea gauni akiamini imekwenda kutupwa na taka za hospitali… na je, kuna ubaya gani akiamini? Ana amani, amejitengenezea amani yake mwenyewe kwa miezi saba, chumba cha kupanga na kibaraza, ukimwambia leo maneno yalikuwa yangu utakuwa umemchoma mara mbili kwa sindano ile ile, ili iweje, ili wewe ulale vizuri kwenye meza ya kupasuliwa? Huo nao ni ukatili, umevaa nguo za kanisani tu… nyamaza… lakini kesho watampa dawa ya usingizi, na mtu hulala akijua ataamka ila hana hati, na daktari alisema wazi hata akiamka mwili utakuwa umezoea moto, utapungukiwa, atakuwa mnyonge miezi kadhaa, atakunywa vidonge, huenda asitake hata kuongea, huenda huo ujasiri wa kusema neno gumu nao ni wa kortisoli, huenda wanakitoa nao, ndiyo, hilo ndilo lililokuwa likimtisha chinichini tangu jana, kwamba Fundi mpole atakayeamka hatakuwa na ubavu wa kusema, atasema ndiyo wifi, ahsante wifi, mpaka wafe… basi kama ni kuutumia moto huu kwa jema moja, ni sasa, ukiwapo.

"Wifi," alisema. "Mmh," wifi alijibu, yuko chini anapima kutoka kiunoni hadi kwenye goti, "usiongee, unapandisha mabega." "Yale maneno. Ya nyumba yako." Mikono ikasimama. Mama wa namba saba akageukia ukuta, mtu mzima yule. "Hayakuwa ya ugonjwa," Fundi alisema, na sauti ilitoka ndogo, kavu, haikuwa na moto wowote, ilimshangaza mwenyewe, "niliyatunga zamani, umekuja tu, nilikuwa mzima. Nilikaa nayo. Ugonjwa ulinifanya nipige kelele, lakini maneno yalikuwa yangu," na akataka kuongeza nisamehe, likaonekana dogo, akaliacha lije kwa wakati wake, akabaki anatazama utosi wa wifi, mvi mbili tatu kwenye njia ya nywele ambazo miezi saba nyuma hazikuwapo… wifi alitoa pini mdomoni, moja, ya pili, ya tatu, ya nne, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake, zimepangana sawasawa, hakuinua uso. "Najua," alisema.

Najua, kasema anajua… "Uvimbe wako ungezijulia wapi habari za nyumba yangu," wifi alisema, bado anaongea na goti la Fundi, "kelele zote zile ningeziamini ni za ugonjwa, lile halikuwa kelele. Lile lilipigwa pasi." Na Fundi akaelewa, kwa hiyo anajua, amejua miezi saba yote, amejua alipokuwa akibisha hodi ya wodi na mkoba wake, ameingia na ule udhuru mkononi akauweka mezani kama mtu anayeacha mlango wazi makusudi halafu anatazama pembeni, uingie ukitaka, wala hakuwa mjinga wa kulindwa, mjinga aliyekuwa akilindwa chumbani humu alikuwa mwingine… "Na bado umekuja," Fundi alisema. "Wifi yangu anapasuliwa kesho, nisije?" akajibu kama mtu aliyeulizwa kwa nini amefunga mlango mvua ikinyesha. Kisha akainua uso, na macho yalikuwa na maji na hayakuwa mapole hata kidogo. "Usidhani yamekwisha. Nina yangu ya kukwambia, tena si haba, nimekaa nayo kibarazani miezi saba. Siyasemi kwa mtu anayekwenda kwenye kisu. Pona kwanza, usimame kwa miguu yako, nikwambie vizuri." Na akarudi kwenye goti, futi ikanyooka, "ishirini na tatu," akasema, akaandika… na Fundi, ambaye tangu jana alikuwa akiiwaza kesho kama ukuta, akajikuta anaiwaza kesho kutwa, na wiki ijayo, na kibaraza cha ng'ambo ya soko, yeye amekaa kwenye kigoda amenyamaza na huyu anamwambia, neno kwa neno, yote, na aliyataka, aliyangoja kwa hamu ambayo hajawahi kuingojea sifa… amka, alijiambia, amka kesho, una watu wanakudai maneno. "Mabega," wifi alisema akiinuka kwa kushika ukingo wa kitanda, "halafu kifua, tumalize. Mikono umeishusha, nani kakwambia ushushe, pandisha," na Fundi akapandisha.